Nani Anazichanga Karata?

Mwanzoni mwa 1932, mwanamazingaombwe Dai Vernon alikuwa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Riziki yake ilitoka kwenye mkasi: alikata sura za watu kwenye karatasi nyeusi na kuziuza. Siku moja aliingia katika gereza la mji huo kuzungumza na mfungwa mmoja, mcheza kamari kutoka Mexico, naye akamweleza habari ambayo Vernon aliona ni vigumu kuiamini. Yuko mtu, pande za Kansas City, anayegawa karata kutoka katikati ya jozi, na hakuna jicho linalomkamata.

Matapeli wengi wa wakati ule walijua kugawa karata ya chini wakijifanya wametoa ya juu. Kinga dhidi yao ilikuwa kukata karata: tapeli akishazipanga zake chini ya jozi, mwenzake anaikata, na zile zilizopangwa zinajikuta katikati, zisikofikika. Mtu anayegawa kutoka katikati ameivunja kinga hiyo. Vernon alitembea kutoka nyumba moja ya kamari hadi nyingine akimuulizia, mpaka akampata katika mji mdogo wa Pleasant Hill, Missouri. Jina lake Allen Kennedy. Akamwonyesha, na Vernon, bingwa wa mikono katika zama zake, alikiri kwamba hajawahi kuona kitu kama kile.

Kumbukumbu ya watu wa aina ya Kennedy imeandikwa ndani ya kila kanuni ya meza ya poka hadi leo. Mchezo wenyewe ulikua New Orleans na kwenye meli za mvuke za mto Mississippi mwanzoni mwa karne ya 19, kwanza kwa karata 20, baadaye kwa 52, na wachezaji walipokezana kugawa. Ukaja utaratibu wa kasino: mgawaji aliyeajiriwa, asiyecheza. Jozi haiinuliwi kutoka mezani inapochangwa. Inakatwa juu ya karata ya plastiki, na plastiki hiyo inabaki chini kuficha karata ya mwisho. Kabla ya kufunua karata za pamoja, zile zinazotumiwa na wachezaji wote, mgawaji anaitupa kando ile ya juu bila kuifunua, kwa sababu mgongo wake umekaa wazi muda mrefu na huenda mtu ameshaitia alama ya ukucha. Kila hatua hapo ina mwizi wake aliyeisababisha.

Utaratibu wa kuchanga nao umewekwa. Kwanza karata zinatandazwa kifudifudi na kukorogwa kwa viganja. Kisha mgawaji anaigawa jozi mafungu mawili, anainua pembe kwa vidole gumba na kuziachia zipandane. Anarudia. Halafu anatoa vifungu vifungu kutoka juu na kuvirundika, anapandanisha mara ya tatu, anakata. Sekunde chache tu, na meza nzima inaridhika kwamba hakuna ajuaye nini kinakuja. Je, ni kweli hakuna ajuaye?

Jibu lilitoka kwa mtu aliyelelewa na Vernon mwenyewe. Mwaka 1959 kijana wa New York mwenye umri wa miaka 14, Persi Diaconis, aliacha nyumbani akamfuata Vernon barabarani. Alijifunza mikono ile, akawa hodari, akaishi kwa mazingaombwe. Kisha mtu akamwelekeza kwenye kitabu cha William Feller cha nadharia ya uwezekano. Alikinunua na kugundua kwamba hawezi kukisoma, kwa sababu hisabati yake haikufika huko. Akajiandikisha masomo ya usiku katika City College, New York, na mwaka 1974 alipata shahada ya uzamivu Harvard. Martin Gardner, mwandishi wa safu ya mafumbo ya hisabati, alikuwa miongoni mwa waliomwombea nafasi huko. Sioni mtu mwingine ambaye angeweza kuifanya kazi iliyofuata. Wanahisabati waliojua minyororo ya Markov, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika hatua kwa hatua kwa nasibu, walikuwapo, na watu waliojua jinsi karata zinavyoanguka kutoka kwenye vidole walikuwapo. Hawakuwa wamewahi kukutana katika mwili mmoja.

Karata zilikuwa zimewavutia wanahisabati tangu zamani. Markov mwenyewe na Poincaré waliandika kuzihusu mwanzoni mwa karne ya 20, wakaonyesha kwamba ukiendelea kuchanga bila kikomo utafika kwenye nasibu kamili. Lakini bila kikomo si jibu la mtu aliyekaa mezani. Mwaka 1955 Edgar Gilbert, akifanya kazi na Claude Shannon katika maabara za Bell, alieleza kwa namba mchango wa kupandanisha: jozi inakatwa karibu na katikati, na karata inayofuata huanguka kutoka fungu lolote kwa kadiri ya wingi wa karata zilizobaki humo. Jim Reeds alifikia maelezo hayo hayo kivyake mwaka 1981. Diaconis alijua kutokana na mikono yake kwamba maelezo hayo yanawafaa watu wa kawaida. Yeye na Dave Bayer wakayafuata hadi mwisho.

Matokeo yao yalitangazwa na gazeti la New York Times Januari 1990 na kuchapishwa rasmi 1992. Walitumia kipimo cha kutoka 1, yaani mpangilio bado uko mbali kabisa na nasibu, hadi 0, yaani nasibu kamili. Baada ya michango minne ya kupandanisha, kipimo hakijasogea, bado ni 1. Baada ya mitano ni 0.92. Sita, 0.61. Saba, 0.33. Nane, 0.17, na kumi, 0.04. Ndipo ulipotoka usemi kwamba jozi inahitaji kuchangwa mara saba. Kinachonishangaza zaidi ni ule mwanzo: michango minne inayoonekana kwa macho kuwa imevuruga kila kitu, kumbe kihisabati haijavuruga karibu chochote.

Sababu yake inaeleweka bila hesabu kubwa. Ukipandanisha mara moja, karata za kila fungu bado zinafuatana kwa mpangilio wao wa zamani, ila zimepishana na za fungu la pili. Mpangilio wa awali umekuwa minyororo miwili iliyosukwa pamoja. Mara ya pili, minyororo isiyozidi minne. Mara ya tatu, minane. Jozi ya karata 52 yenye minyororo minane tu bado ina kumbukumbu nyingi ya ilivyokuwa. Na mara tatu ndiyo desturi ya mgawaji wa kasino! Kukoroga kwa viganja kunasaidia, na hata pasipokuwa na hilo mchezaji wa kawaida hawezi kuisoma minyororo hiyo kichwani. Lakini mwenye mikono ya Kennedy na kichwa cha Diaconis angeisoma, na wanamazingaombwe wamekuwa wakiitumia kwa zaidi ya karne nzima kuitambua karata moja iliyohamishwa ndani ya jozi ambayo watazamaji wamejichangia wenyewe.

Wacheza bridge walikutana na ukweli huu kwa njia ya uchungu. Mashindano yao yalipoanza kugawa karata kwa kompyuta, wengi walilalamika kwamba mashine inatoa migao ya ajabu: mtu ana kopa saba na hana shupaza hata moja. Hesabu zilipofanywa, kompyuta ilikuwa sahihi. Kilichokuwa na kasoro ni mikono yao ya miaka yote. Katika bridge karata zinakusanywa nne nne za aina moja, na mchango hafifu unazigawanya sawasawa mno, hivyo wachezaji walikuwa wamezoea ulimwengu laini kuliko ulivyo. Malalamiko haya yatarudi kwa sauti ileile kwenye poka ya intaneti.

Kasino nazo zilitaka kuuondoa mkono, ingawa sababu yao kubwa ilikuwa muda, maana kila dakika ya kuchanga ni dakika isiyoingiza pesa. John Breeding, aliyekuwa dereva wa malori Minnesota, alianzisha kampuni ya Shuffle Master mwaka 1983, na mashine yake ya kwanza ikaingia kasino 1992. Mashine haikuwa lazima iwe bora. Miaka baadaye kampuni moja ya kutengeneza mashine ilimwita Diaconis na Susan Holmes wakague kifaa kipya chenye rafu kumi ndani: kila karata inadondoshwa kwenye rafu moja kwa nasibu, juu au chini ya zilizomo. Wahandisi wa kampuni waliamini kwamba kupita mara moja kunatosha. Diaconis, Holmes na Jason Fulman walionyesha kwamba mtu anayezikisia karata moja baada ya nyingine, akitumia minyororo iliyobaki, angepatia wastani wa karata tisa na nusu kati ya 52. Kwenye jozi iliyochangika kweli angepatia nne na nusu. Kampuni haikufurahi, ila iliyakubali matokeo.

Tarehe 1 Januari 1998, tovuti ya Planet Poker iligawa raundi yake ya kwanza ya poka ya pesa halisi kwenye intaneti. Fikiria kilichotakiwa kwa mchezaji: atume pesa kwa kampuni asiyoijua, akae mbele ya kioo, aambiwe kwamba karata zimechangwa. Hakuna mikono ya kutazama. Hakuna wa kuombwa akate. Kampuni ya ASF Software, iliyotengeneza programu hiyo, iliona tatizo ikafanya jambo la heshima: ilichapisha hadharani kanuni yake ya kuchanga, ili kila mtu ajionee kwamba ni ya haki.

Huko Virginia, wataalamu wa usalama wa programu katika kampuni ya Reliable Software Technologies waliisoma. Kati yao walikuwamo Brad Arkin na Gary McGraw. Ilikuwa mistari michache ya lugha ya Pascal, na ndani yake walipata makosa yaliyopandiana.

La kwanza lilikuwa dogo. Programu ilichagua namba kutoka 1 hadi 51 mahali ilipopaswa kufika 52. Matokeo yake, karata iliyoanza mahali pa 52 isingeweza kamwe kubaki pale. La pili lilikuwa la kanuni yenyewe. Programu ilipita kila nafasi na kubadilishana karata yake na nyingine iliyochaguliwa kutoka karibu jozi nzima. Inaonekana haki, lakini sivyo. Chukua karata tatu tu. Kila hatua ina chaguo tatu, hatua ni tatu, kwa hiyo njia ni 27. Mipangilio ya karata tatu ni sita, na 27 haigawanyiki kwa sita, kwa hiyo mipangilio mitatu inapata njia tano tano na mingine mitatu inapata nne nne. Ukitaka haki, karata iliyokwisha kuwekwa mahali pake iachwe: chaguo tatu, kisha mbili, kisha moja. Njia hiyo haikuwa siri. Ronald Fisher na Frank Yates waliichapisha Uingereza mwaka 1938 kwa watafiti wa kilimo wenye kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld aliiandika kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964.

La tatu ndilo lililoua. Kompyuta haibahatishi, inahesabu. Inapewa namba ya kuanzia, na kutoka kwenye namba hiyo inazalisha mfululizo unaoonekana wa nasibu lakini ambao utakuwa uleule kila namba hiyo ikirudi. Jozi ya karata 52 ina mipangilio ipatayo 8 ikifuatiwa na tarakimu 67. Namba ya kuanzia ya programu ile ilikuwa ya biti 32, na namba za namna hiyo hazizidi bilioni 4.3. Kwa maana hiyo, karibu mipangilio yote ya karata iliyopo haikuweza kutokea kabisa kwenye meza zile. Na haikuishia hapo, kwa sababu namba ya kuanzia ilichukuliwa kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu saa sita ya usiku. Siku ina milisekunde 86,400,000. Bilioni nne zimeshuka kuwa milioni 86. Arkin na wenzake wakalinganisha saa yao na saa ya seva, na milioni 86 zikashuka hadi takriban 200,000.

Laki mbili ni kazi ya sekunde chache kwa kompyuta ya 1999. Mchezaji wa Texas Hold'em ana karata zake mbili, na zile tatu za pamoja zikifunuliwa anakuwa amezijua tano. Programu yao ilipitia mipangilio 200,000 ikatafuta ule wenye karata hizo tano katika nafasi hizo, na kwa kawaida ulipatikana mmoja. Kioo kikaonyesha karata za kila aliyekaa mezani, pamoja na mbili za pamoja ambazo bado hazijafunuliwa. Kennedy na vidole vyake vyote hakuwahi kuwa na uwezo wa namna hii. Yeye alijua karata chache alizozificha mwenyewe, hawa walijua zote.

Hawakuitumia kuiba. Waliitangaza Septemba 1999, na ASF ikabadilisha programu yake. Wapo waliosema kwamba kosa la ASF lilikuwa kuianika kanuni yake, nami napingana nao kabisa. Kanuni mbovu iliyofichwa ingebaki mbovu, na mtu wa kwanza kuigundua angeweza kuwa mwizi mwenye subira ambaye hamwambii mtu. Kwa kuianika, ASF ilipata aibu ya majuma machache, na wachezaji wa intaneti wakapata kinga.

Waliofuata walijifunza. Tovuti ya PokerStars, iliyofunguliwa 2001, ilieleza kwamba kila mchango unatumia biti 249 za nasibu, ilhali 226 zinatosha kufikia kila mpangilio wa jozi. Nasibu yenyewe haitoki kwenye saa. Inachotwa kwenye mwendo wa vipanya vya wachezaji na muda wa matendo yao, ikichanganywa na ile ya kifaa maalumu, ambacho baadaye kilikuwa Quantis cha kampuni ya Uswisi ID Quantique, kinachosoma tabia ya chembe za mwanga. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia mashindano makuu ya dunia huko Las Vegas kwa tiketi aliyoshinda kwenye tovuti hiyo, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka 2006 walioingia walikuwa 8,773. Kizazi kizima kilikuwa kimejifunza poka bila kugusa karata.

Kizazi hicho kilikuwa na hakika kwamba kinaibiwa. Malalamiko ya wacheza bridge yalirudi: mtandaoni matukio ya ajabu ni mengi mno, ree zinapigwa kila siku na mikono ya ovyo. Mchango si sababu. Meza ya mgawaji hai hutoa raundi kama 30 kwa saa, ya mtandaoni hutoa zaidi ya maradufu, na mchezaji anaweza kukaa kwenye meza nne kwa wakati mmoja. Kwa jioni moja anaona maajabu ambayo babu yake angeyaona kwa mwezi. Tena raundi zote zinahifadhiwa kwenye kompyuta yake, na akitaka anaweza kuhesabu ree ngapi zimetoka katika raundi laki moja. Hakuna meza ya mbao iliyowahi kumpa mchezaji uwezo huo, na kwangu hii ndiyo faida kubwa ya karata za intaneti, kubwa kuliko biti 249.

Faida hiyo ilithibitika 2007. Katika tovuti ya Absolute Poker, mchezaji mmoja alicheza kana kwamba anaziona karata za wenzake. Aliyeshika nafasi ya pili katika shindano aliomba kumbukumbu ya raundi, akatumiwa faili lenye karata za wachezaji wote. Wachezaji wenzake wakalichambua, wakakuta akaunti iliyokuwa ikiitazama meza ya mchezaji aliyeshukiwa muda wote, wakaifuata hadi kwenye kampuni yenyewe. Mwaka uliofuata tovuti dada, UltimateBet, ilikiri kuwa na tundu la aina hiyohiyo, na fedha zilizorudishwa zilizidi dola milioni 20. Mchango wa karata haukuguswa katika visa hivyo. Karata zilichangwa kwa haki, kisha mtu wa ndani akapewa macho.

Hatari hiyo ilizifikia kasino zenye meza za mbao baadaye, kupitia mashine zao. Mashine ya Deckmate 2, inayotumika sana kwenye meza za poka, ina kamera ndani inayokagua kama karata zote 52 zimo. Agosti 2023, huko Las Vegas, Joseph Tartaro na wenzake wawili wa kampuni ya IOActive walionyesha kwamba kifaa kidogo kikichomekwa kwenye tundu la USB la mashine hiyo kinaweza kubadilisha programu yake, kikasoma kile kamera inachokiona na kuutuma mpangilio wa jozi nzima kwenye simu ya mtu aliye karibu. Tundu lenyewe lilikuwa chini ya meza, karibu na magoti ya wachezaji. Mashine ingechanga, mgawaji angekata, angetupa kando karata ya juu kwa utaratibu uleule wa tangu enzi za Kennedy, na simu mfukoni ingekuwa imeshajua nani atashinda.

Oktoba 2025 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walifungua kesi huko Brooklyn dhidi ya zaidi ya watu 30 kuhusu meza za poka za faragha. Hati ya mashtaka inadai kwamba mashine za kuchanga zilizogeuzwa zilisoma karata na kutuma habari kwa mtu aliye nje ya jengo, naye akampasha mshirika aliyekaa mezani. Kwa mujibu wa madai hayo, mashine zilifanya kazi yake barabara: kila raundi karata zilichangwa vizuri, na hakuna mkono wa mtu uliozigusa.